Nyuma ya Sikio la Tembo

Sarafu haichakai yote kwa mara moja. Huanza kuisha mahali palipoinuka. Kwenye ile ya tembo, ya shaba ya njano yenye umbo la pembe sita, iliyotumika Kongo wakati wa Wabelgiji, paji la uso wa tembo ndilo linaloondoka kwanza, halafu ukingo wa sikio, halafu mgongo. Mguu wa nyuma huchelewa. Lakini kuna nafasi ndogo nyuma ya sikio ambayo haiguswi na kitu. Kidole hakiingii pale, wala nguo ya mfuko, wala sarafu nyingine. Ukitaka kujua sarafu ilivyokuwa siku ya kwanza, angalia pale.

Hayo nilifundishwa mjini Beni, nyumbani kwa mjomba wangu. Mama hakuweza kunisomesha zaidi ya darasa la sita, na mjomba alisema niende kwake, nitasaidia jikoni. Mwaka wa kwanza nilipika na kufua. Mwaka wa pili alinikuta nimesimama mlangoni nikimtazama anavyopanga sarafu zake juu ya kitambaa cheusi. Akanipa mbili na kuniuliza ni ipi imetembea zaidi. Nilimwonyesha kwa kidole, bila kusema.

"Eh!" akamwambia mke wake. "Huyu bubu iko na macho."

Tangu siku hiyo jina langu nyumbani likawa Bubu. Mimi si bubu. Maneno yangu huchelewa tu kutoka, na watu wakiwa wengi hayatoki kabisa.

Mjomba hununua sarafu za zamani. Watu huzipata wakibomoa nyumba, wakilima, wakifungua masanduku ya marehemu. Yeye huzipiga picha kwa simu na kuwauzia watu wa mbali ambao hatujawahi kuwaona, watu wanaozitaka ili waziweke tu na kuzitazama. Hao hawaulizi sarafu ilinunua nini. Wanauliza hali yake, na hali ina ngazi, na ngazi zina majina ya Kifaransa. Chini kabisa ni Bé, maana yake nzuri. Sarafu ya Bé imefutika mpaka tembo amebaki kivuli. Juu yake ni Tébé, nzuri sana: tembo unamwona, lakini hana uso. Halafu Tétébé: uso upo, umechoka. Halafu Superbe, sarafu iliyopita katika mikono michache. Na juu ya zote ni Fleur, ile iliyotoka kiwandani ikalala, haijanunua hata chumvi. Katika miaka yangu mitatu Beni niliona Fleur mara mbili.

Nilimuuliza mke wa mjomba kwa nini zile zilizofutika wanaziita nzuri. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Ni kama barua ya kufukuza mutu kazi," alisema. "Haianzaka na cher monsieur, mupendwa bwana?"

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Unanawa mikono na kuikausha. Unaishika sarafu kwa kingo zake, kwa vidole viwili, kamwe si kwa uso. Nilipogusa uso, mjomba alinipiga sikio kwa kidole cha kati, kama mtu anayejaribu mtungi kama una ufa. Halafu unaigeuza polepole chini ya mwanga mmoja. Sarafu ambayo haijasuguliwa, mwanga huizunguka kama maji katika beseni: ukiinamisha, mwanga unasogea wote pamoja. Iliyosuguliwa inang'aa kila mahali kwa wakati mmoja, na mwanga wake hauendi popote. Mtu asiyejua huipenda hiyo zaidi. Mwisho unachukua lupe, kioo cha kukuzia, unaanza na paji, sikio, mgongo, kisha pembe sita, moja moja. Sarafu iliyotembea mifukoni imegongwagongwa pembe. Ile ambayo haijatembea, pembe zake zinachoma kidole.

Kisha unaandika kikaratasi cha mistari miwili. Mstari wa kwanza ngazi. Mstari wa pili sababu: imechakaa kwa kutumika, imeanguka, imesafishwa. Iliyosafishwa mjomba aliishusha ngazi mbili, na mara nyingine zaidi, hata kama tembo alikuwa na nyusi zake zote. Alisema anayeandika ngazi bila sababu hajaandika kitu. Lakini sababu ilikuwa ya mnunuzi. Muuzaji hakuambiwa.

"Mbele ya muuzaji," alinifundisha, "shusha moja. Na usielezee. Ukielezea, anapata njia ya kubisha."

Hiyo ilikuwa rahisi kwangu. Kutokueleza nilizaliwa nako.

Jioni mezani alitupa ngazi sisi pia. Mke wake alikuwa Tétébé, "mais mbele hajazaa batoto watatu alikuwa Superbe, mashahidi beko." Mwalimu mmoja kutoka Kasai, aliyepanga chumba chetu cha nyuma, alikuwa Tébé na Kifaransa cha bandia. Mimi nilikuwa Bé yenye shimo, kwa sababu sina jino moja la mbele. Kila mgeni aliambiwa. "Cheka kidogo, Bubu, baone shimo." Mwalimu alicheka ili asiulizwe kodi. Mimi nilicheka nimefunga mdomo, na hilo liliwachekesha zaidi.

Mwaka jana alinileta Butembo. Aliniwekea meza ndogo mtaani Mususa, ndani ya duka la fundi cherehani, nipokee wale wanaotoka vijijini na nimtumie picha. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye koti la kanisani. Alikuwa na sarafu kumi na mbili katika kitambaa, na alipokifungua fundi mwenyewe aliacha cherehani akaja kutazama. Ziling'aa kama za arusi. Mzee alinyoosha mgongo.

"Nilizisugua na ndimu na muchanga," alisema. "Siku mbili. Nilisema, siwezi peleka uchafu kwa batu ya bureau."

Nilizigeuza zote kumi na mbili. Nikasema, "Bé."

"Ile ni muzuri?"

"Ni ya chini."

"Ju ya nini?" Alitaka sababu.

Niliinamisha kichwa nikaandika kikaratasi, na mimi naandika polepole, kwa hiyo alisimama muda mrefu akingoja. Halafu alifunga kitambaa chake na kutoka. Fundi alinitazama, akasema, "Weye mutoto uko na roho ya mawe," kisha akaendelea kushona. Sikufikiri sana juu ya mzee huyo. Nilimfikiria baadaye.

Babu yangu alikuwa na wake wawili, kijijini Musienene, katika kiwanja kimoja kwenye mteremko. Mke wa kwanza, aliyefunga naye ndoa kanisani, alikaa nyumba ya juu. Huyo ndiye mama wa mama yangu, na kwetu nyanya tunamwita Mukaka. Wa pili alikaa nyumba ya chini, karibu na kijito, na watoto wote walimwita Mukaka wa Chini. Huyo ndiye mama wa mjomba. Kwa hiyo mjomba na mama yangu ni wa baba mmoja, kila mtu na mama yake.

Mwanaume wa wake wawili kwetu hana ruhusa ya kuwapa visivyo sawa. Kitenge kwa huyu, kitenge kwa yule. Mbuzi akichinjwa, mguu juu, mguu chini. Babu alikuwa akikausha pareto katika shamba la mzungu mmoja, na mzungu alipofunga mizigo yake kurudi kwao alimpa sarafu mbili za tembo, za ukumbusho, wakati zilikuwa tayari haziendi sokoni. Babu alimpa kila mke moja. Ilikuwa juma lile lile alilomleta mke wa pili nyumbani.

Mukaka alisema miaka yote kwamba zile mbili hazikuwa sawa. Yake ilikuwa mpya. Babu aliitoa katika karatasi iliyokunjwa, akaiweka mkononi mwake na kuufunga mkono huo kwa mikono yake miwili. Ya mwenzake ilitoka mfuko wa suruali. Hakuwa na kitu kingine cha kujisifia. Mume alikuwa amemletea mwanamke mwingine mlangoni, naye alibaki na jambo hilo moja: juma lile lile aliloaibishwa, alipewa iliyo mpya. Babu alipokufa bila kusema lolote, jambo hilo likawa kubwa zaidi.

Na kwa sababu lilikuwa kubwa, alilitunza. Kila mwaka siku mbili kabla ya Noeli, sufuria zote za nyumba ya juu zilitolewa nje na kusuguliwa kwa majivu na mchanga wa kijito mpaka zikawa nyeupe. Pamoja na sufuria alitoa sarafu yake. Kazi ya sarafu alinipa mimi, tangu nikiwa na miaka sita. Wajukuu wengine waliharakisha, mimi nilikuwa mvumilivu. Nilikaa kwenye jiwe, nikachovya kidole gumba katika ndimu na majivu, nikasugua kwa mzunguko mpaka tembo akawaka. Natumia mkono wa kushoto. Mukaka aliichukua, akaigeuza juani na kusema, "Angalia. Kama siku ile." Kisha aliirudisha katika kitambaa chake, na tulikula yeye na mimi katika sahani moja ya bati. Hakuna mjukuu mwingine aliyekula naye sahani moja.

Nilipokwenda Beni sikurudi Noeli tatu, kwa sababu barabara haikuwa salama. Sarafu yake sikuwahi kuiona tena tangu nilipojifunza kutazama.

Mwaka jana huo huo, mwezi wa nane, ilikuwa misa ya ukumbusho ya babu. Mjomba alishuka kutoka Beni, akanipitia Mususa, tukapanda Musienene kwa pikipiki yake. Baada ya misa watu walikaa kiwanjani, kati ya nyumba ya juu na ya chini, kwenye viti vilivyoazimwa parokiani. Kulikuwa na maharagwe, viazi, mbuzi mmoja na pombe ya ndizi. Wajane wawili walikaa pamoja mbele, kama inavyopasa, wakala mpaka sahani zikaondolewa. Ndipo mzee mmoja wa parokia akamsifu marehemu kwamba aliwapenda wake zake sawasawa.

"Sawasawa, ndiyo," alisema Mukaka. "Mais iko mumoja alipewa ya mupya."

"Anaanza," alisema Mukaka wa Chini.

"Ya kwangu alinipatia ndani ya kartasi. Ya kwako aliitosha mu mufuko, pamoja na tumbako."

"Kartasi! Kartasi gani? Muzee alikupatia kile kichuma ju unyamaze. Ulikuwa nalia kama mbuzi ya kufungwa."

"Nililia? Miye? Weye njo ulikuja na sufuria moja ya kutoboka, unapikia wapi, mu kofia?"

Watu walicheka. Wamewasikia hivyo miaka mingi, na ingeishia hapo. Lakini mjomba aliweka kikombe chake chini na kufuta mdomo.

"Ba mama, mbona mnabishana? Miye siko na fundi hapa? Bubu, kuya."

Kila mtu aligeuka. Mtu mmoja alileta kiti na kukiweka katikati, mwingine akavuta meza ndogo. Mjomba alitoa lupe mfukoni na kuiweka juu yake.

Mukaka alifurahi. Hicho ndicho siwezi kukisahau. Aliinuka mwenyewe kwenda kuleta kitambaa chake, na aliporudi alinishika bega.

"Huyu ni wangu," aliwaambia watu. "Atasema kweli. Nataka tu basikie mbele sijakufa."

Mukaka wa Chini alimtuma mtoto. Ilimchukua mtoto muda mrefu kuitafuta. Akarudi na mkebe wa mafuta ya kujipaka uliojaa vifungo na sindano, na sarafu ilikuwa chini kabisa, nyeusi, na uzi umeizunguka. Watu walipoziona pamoja juu ya meza, moja inang'aa kama pete na nyingine kama kitu kilichookotwa, wengine walianza kumpigia Mukaka makofi. Hata Mukaka wa Chini alisema, "Bon, ya kwangu nilikuwa nasahau kama iko." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nilinawa mikono katika beseni la wageni. Nilianza na nyeusi. Chini ya weusi tembo alikuwa na uso, na sikio lilikuwa na mikunjo yake. Mwanga uliizunguka kwa uvivu, wote pamoja. Pembe mbili zilikuwa zimegongwa, na makovu yake yalikuwa meusi kama sehemu nyingine, makovu ya zamani, ya kabla ya mkebe. Sarafu hiyo ilikuwa imetembea kidogo mifukoni, halafu ikasahauliwa. Tétébé safi.

Nikachukua ya Mukaka. Iling'aa kila mahali na mwanga wake haukwenda popote. Nilijua kabla ya kushika lupe. Chini ya lupe tembo hakuwa na paji wala jicho. Uso wote ulikuwa na mikwaruzo myembamba, maelfu, imepinda upande mmoja kama inavyopinda mtu akisugua kwa kidole gumba cha kushoto. Nilikuwa natazama Noeli zangu zote.

Nikageuza pembe. Zote sita zilichoma kidole. Hakuna hata moja iliyogongwa. Halafu nikatazama nyuma ya sikio. Pale, katika nafasi ndogo kama punje ya ulezi, ilikuwepo bado ngozi ya kwanza, ya dhahabu iliyofifia, yenye chembechembe nzuri kama unga, ambayo sarafu hutoka nayo kiwandani na haiipati tena. Ilikuwa Fleur. Babu alimpa Fleur. Mukaka alikuwa amesema kweli maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemfutia ushahidi wake, kwa ndimu, mwaka baada ya mwaka, nikisifiwa.

"Basi?" alisema mjomba.

Nikaonyesha nyeusi. "Tétébé."

"Na ile ya kung'ara?"

Ngazi mbili chini, na zaidi. Hiyo ndiyo kanuni. "Tébé."

Watu walitazamana. Mjomba aliwaelezea kwa sauti ya furaha: "Ya mama iko juu. Ya mama mukubwa iko chini. Njo vile. Hapana miye, ni fundi."

Mukaka hakuelewa. Aliinama karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kitenge chake. "Ju ya nini, mwana wangu?"

Mstari wa pili. Sababu. Nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa maneno machache tu: ilikuwa mpya, niliiharibu mimi. Watu walikuwa labda sitini, na macho yao yote yalikuwa juu ya mdomo wangu wenye shimo. Nilimtazama mjomba. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

"Imechakaa," nilisema.

Kelele ikapanda. Mukaka wa Chini alisimama na kuanza kucheza kidogo pale pale, mikono kiunoni, mwanamke wa miaka themanini. "Imechakaa! Munasikia? Alimupatia ya kuchakaa! Miye nilipewa juu, na niliitupa ndani ya vifungo! Yeye alipewa chini, na akaipangusa kama kikombe ya Bwana Yesu!" Walicheka mpaka na wale wa parokia. Kijana mmoja aliita, "Mama Tébé!" na jina likashika hapo hapo, kama moto katika majani.

Mukaka aliichukua sarafu mezani. Alijaribu kuifunga katika kitambaa, ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi. Alipomaliza aliniambia, "Aksanti, fundi." Halafu akapanda nyumba ya juu.

Tukirudi Butembo, mjomba alizungumza tulipoanza kuteremka. Alipunguza mwendo ili nimsikie.

"Pembe uliona?"

"Niliona."

"Na nyuma ya sikio?"

"Niliona."

"Miye pia. Niliiangalia kabla yako, wakati ulikuwa nanawa." Alipita shimo moja, akapita lingine. "Yule mwingine ni mama yangu. Miye ningesema nini? Mais weye, nilikuwa nangoja. Sikukukataza. Kama ulisema, ningesema ndiyo."

Alicheka, bila ubaya, kama mtu aliyeona mchezo mzuri. "Bé yenye shimo," alisema, akaongeza mwendo.

Sijui kama kweli angesema ndiyo. Nimelifikiria sana, kwa sababu hilo ndilo alilotaka nilifikirie.

Miezi iliyofuata habari zilinifikia Mususa pamoja na watu wa siku ya soko. Mukaka alikuwa ameacha kukaa benchi la mbele kanisani. Wauza viazi walimwita Mama Tébé, na watoto walikuwa wakimfuata na vifuniko vya chupa: "Mama, nipimie hii!" Mukaka wa Chini aliiweka sarafu yake juu ya redio, kwenye kitambaa cha kufuma, na alimwonyesha kila aliyeingia. Niliambiwa ameanza kuipangusa.

Nilikwenda Musienene siku mbili kabla ya Noeli. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno niliyaandika kwanza kwenye kikaratasi, mistari miwili, kama ninavyoandika vya kazi, na niliyasoma njia nzima. Mvua ilinyesha tangu Butembo. Nilimkuta Mukaka jikoni, karibu na moto. Sufuria hazikutolewa nje mwaka huo. Zilikuwa zimekaa pembeni, nyeusi.

Niliuliza kama kuna sarafu ya kusugua. Ilikuwa njia mbaya ya kuanza, lakini ndiyo iliyotoka.

"Iko pale," alisema, akaonyesha juu kwa mwiko.

Bati la jikoni huvuja mahali msumari ulipopanuka. Mafundi wetu hutafuta kitu bapa chenye tundu, wanakipitisha msumarini ili kibane bati, na zamani walitumia sarafu za Wabelgiji zilizotobolewa kiwandani. Hii ya Mukaka haikuwa na tundu. Alimlipa mtoto wa fundi baiskeli aitoboe ili izibe bati. Msumari ulipita katikati ya tembo, pale sikio linapoungana na shingo. Ilikuwa upande wa ndani, imebanwa na ubao, nami niliona nusu yake tu, imeanza kuwa ya kijani. Pale nyuma ya sikio hapakuwepo tena. Sarafu iliyotobolewa hatuiandikii ngazi yoyote.

Nikamwambia hata hivyo. Sikutoa kikaratasi. Nilisema yake ilikuwa mpya, haijatembea hata siku moja, pembe zake zilionyesha. Nilisema ya mwenzake ilikuwa imetoka mfukoni kweli, kama alivyosema. Nilisema aliyeichakaza ni mimi, kwa kusugua, na kwamba hatukujua.

Alisikiliza akikoroga maharagwe. Alikoroga muda mrefu kuliko maharagwe yanavyohitaji.

"Kartasi ilikuwa ya rangi ya majani," alisema. "Ilikuwa ya sabuni."

Kisha akaniuliza, "Siku ile, ulijua?"

"Ndiyo."

"Ukiwa umekaa pale. Miye nimesimama."

"Ndiyo, Mukaka."

"Na muyomba wako?"

"Alijua."

Alitikisa kichwa polepole. "Yeye ni mutoto wa mwenzangu," alisema. "Weye, wa nani?"

Alingoja, kwa haki kabisa, akiwa amenitazama usoni, na alipoona sitajibu alisimama na kuingia nyumba kubwa. Nilisikia kabati likifunguliwa. Alirudi na sahani nyeupe, ile ambayo hutolewa padri akija, akaifuta kwa kitenge chake. Alinipakulia maharagwe na viazi, akaweka sahani kwenye kigoda mbele yangu, na kijiko juu yake. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mikononi.

"Karibu," aliniambia, kama anavyoambiwa mgeni.

Yeye alikula upande wa pili wa moto, katika sahani ya bati, peke yake.